Siku Ambayo Skuli Haikufungwa

Juzi asubuhi nilikuwa nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, redio iko dirishani, msomaji wa habari akasema pepo kali zinatazamiwa pwani na wakubwa wa elimu wanakaa kuamua kama skuli zifungwe au zisifungwe. Mkono wangu ukasimama. Jirani yangu wa mlango wa pili, aliyekuja kuazima chumvi, akacheka. Akasema watoto wa siku hizi wadekezwa mno, upepo kitu gani, mbona sisi tulisoma na upepo na hatukufa.  Nilimpa chumvi yake akaenda zake, nami nikarudi kwenye nazi yangu, lakini tui la siku ile halikupata kukamuliwa vizuri.

Mimi si mtu wa kalamu. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, utaona kwa nini. Kwa hivyo ukikuta maneno yangu yaenda upande, enda nayo hivyo hivyo, kama unavyotembea na mtu mwenye mguu mbovu. Nami ninao.

Nakuambia habari ya Kibokoni, Mombasa, ya miaka ya sitini, bendera mpya bado ina rangi zake. Sijui wewe ulikulia wapi. Sisi asubuhi yetu ilianza na harufu ya mahamri, mama ameyatupa kwenye mafuta kabla jua halijatoka, na mbaazi za nazi zinatokota pembeni. Kazi yangu ilikuwa kufagia mbele ya mlango, kisha kwenda bombani na debe, kisha kumchambulia nyanya mchele, kwa kuwa macho yake yalikuwa hayaoni tena mawe madogo. Nikimaliza hayo ndipo navaa gauni la skuli. Nyanya hakupenda habari ya skuli. Chuo cha Kurani kilimtosha msichana, alisema, na kusoma barua za watu hakujawahi kumletea mwanamke heri. Baba ndiye aliyeshika. Alisema nitasoma, nisije nikatiwa dole gumba kwenye karatasi nisiyoijua. Nyanya akakubali kwa sharti moja: siku nitakayorudi nimedhurika, basi skuli imekwisha, na asiambiwe neno.

Baba alikuwa mpima mizigo katika godauni moja kule Shimanzi. Akirudi alasiri ana vumbi la magunia mpaka kwenye kope. Ataoga, atavaa kanzu na kofia, atatoka kukaa kwenye baraza ya nyumba yetu na wenzake. Hapo ndipo alipokuwa mtu. Shimanzi alikuwa wa kuitwa na kuamrishwa, lakini barazani hakuna aliyemshinda kwa ulimi. Muuza kahawa alikuwa hapiti pale bila kutua dele lake, kwa sababu alijua atauza na atacheka.

Na hapa lazima nikueleze jambo la mji wetu, la sivyo hutaelewa. Sisi mtu alipewa jina mara mbili. La kwanza alipewa na wazee wake akiwa mchanga. La pili alipewa na baraza, na hilo la pili ndilo alilozikwa nalo. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeangusha sinia ya halua arusini, mara moja tu, ujanani mwake. Akaitwa Sinia. Wajukuu zake waliozaliwa yeye ameshakufa wakaitwa watoto wa kwa Sinia. Hakuna mahakama iliyoweza kukuvua lakabu ya barazani. Na fundi wa lakabu katika mtaa wetu, nasema bila kuficha, alikuwa baba yangu.

Skuli yetu haikujengwa kuwa skuli. Ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani nyuma ya msikiti mdogo, wazazi wa mtaa wameishika ili watoto wasome karibu, na kamati ndiyo iliyoisimamia. Chini walikaa darasa la kwanza na la pili. Ghorofani darasa la tatu na chumba cha mwalimu mkuu. Sisi wa darasa la nne tulipokosa pa kukaa, kamati ikatujengea juu kabisa, juu ya dari, kuta za mbao na paa la mabati. Mabati yalipigwa misumari upande mmoja tu, uliogemea ukuta wa jirani. Kwengine yaliwekewa mawe. Mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa na duka la nguo Bondeni, alisema boriti zile za kale zikipigwa misumari mingi zitapasuka, na mawe yatatosha, mbona nusu ya Bondeni wana mawe juu ya mapaa yao na wamelala. Fundi akayapanga mawe ya matumbawe, kila moja kama kichwa cha mbuzi.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa kijana wa kutoka Rabai, Mkristo, mpole wa sauti, aliyetufundisha hesabu kwa kokwa za tende. Kila Ramadhani ikija, mama zetu walimpelekea sahani, na yeye akingoja mpaka jua litue ndipo ale, ingawa hakuwa amefunga. Alisema hawezi kula wenzake wanangoja. Alimwendea mwenyekiti mara tatu kwa habari ya paa lile. Mara ya tatu mwenyekiti akamwambia, mbele yetu watoto, "Mwalimu, wewe fundisha. Paa tuachie wenyewe."

Upepo wa kusi wa mwaka ule ulianza kwa hasira. Siku moja upepo ulivuma tangu alfajiri, na mabati yetu yakawa yanapigapiga hata hatusikii mwalimu asemalo. Mwalimu mkuu akapanda juu kuona. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa kanzu na koti, mwenye heshima ya kupita kiasi. Akatazama mawe, akatazama sisi, akateremka na kuigonga kengele mwenyewe. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoninginizwa ukumbini, na ukikigonga mfululizo maana yake ni nendeni majumbani. Tulitoka tukipiga kelele kama tuliofunguliwa jela.

Sasa angalia bahati ya mtu. Hata saa sita haijafika, upepo ukatulia. Jua likatoka kali, wanawake wakaanika nguo zikakauka. Sisi watoto tukawa miguuni mwa mama zetu mchana kutwa, tunavunja hiki, tunamwaga kile, na kila mama akawa amlaani mwalimu mkuu kwa sauti ndogo. Alasiri, mwalimu mkuu akapita mbele ya baraza yetu akienda kuswali. Akatoa salamu. Baba akaitikia salamu kamili, na rehema na baraka zake, kama mtu mwema. Kisha alipokwisha kupita hatua mbili, baba akasema kwa sauti ya kusikika:

"Jamani, mshikeni Mwalimu. Unyoya huo, upepo usije ukautwaa."

Muuza kahawa aliweka dele chini. Watu walicheka mpaka mmoja akasimama akashika ukuta. Mwalimu mkuu hakugeuka. Aliinua mkono tu akaiweka sawa kofia yake, nao wakaona kama ameishika isiruke, wakacheka upya. Kabla ya isha lakabu ilikuwa imefika Bondeni. Mwalimu Unyoya. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza, na nataka ujue nilivyojisikia: nilijisikia mtoto wa mtu mkubwa.

Kesho yake nyanya alichinjiwa kuku, na mimi nikachukua unyoya mmoja mweupe, nikauficha ndani ya daftari, nikauweka juu ya kiti cha mwalimu mkuu kabla hajaingia. Darasa la tatu lote, la ghorofa ile, liliniona, hakuna aliyenisema. Aliukuta. Aliushika kwa vidole viwili akautia mfukoni mwa koti, kama mtu aliyeokota kitu chake. Hakuuliza nani.

Wiki mbili baadaye upepo ukarudi, na safari hii haukuwa upepo wa kuchezea. Tuliamka kanga za jirani ziko juu ya msikiti. Mama alishindwa kuwasha jiko, tukanywa chai ya jana. Nyanya akasimama mlangoni akasema upepo huu si wa kutoka mtoto wa mtu, mimi leo nisitoke. Baba alikuwa anafunga viatu aende Shimanzi. Akacheka, lakini si kicheko cha barazani.

"Mama, mwanangu akikaa nyumbani leo, mimi nitawaambia nini wale wa barazani? Mimi ndiye niliyesema."

Nyanya akamtazama. "Basi ulimi wako ndio unaompeleka mtoto."

"Skuli haifungwi leo," baba akasema. "Mwalimu yule hathubutu."

Na alisema kweli. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alimjua vizuri yule bwana aliyempa lakabu.

Binti wa jirani, aliyekaa nami dawati moja, akaja kunipitia kama kila siku. Tulishikana mikono njia nzima, mitandio yetu tumeifunga viunoni isitoke. Tulicheka sana. Vichochoro vya kwetu vikiwa na upepo hulia kama mtu anayepuliza chupa, naye alijua kuuiga mlio ule.

Kule juu hapakuwa na kusoma. Mabati yalikuwa yanainuka na kushuka, na baina ya kishindo na kishindo ulisikia kitu chengine, kama mtu anayeburura kiti. Yalikuwa mawe. Mwalimu wetu akasikiliza na chaki mkononi, kisha akatuambia tutulie, akateremka. Mimi nilikuwa na kiu, au nilijifanya nina kiu. Mtungi wa maji ulikaa kwenye ngazi, karibu na mlango wa mwalimu mkuu. Nikachota kata moja nikawa nakunywa polepole.

"Mwalimu mkuu, naomba tufunge," nilimsikia mwalimu wetu akisema. "Mawe yanatembea juu ya paa."

 Mwalimu mkuu akajibu: "Nifunge tena? Hata mwezi haujesha, nifunge tena?"

"Ni hatari, Mwalimu."

"Wewe mwisho wa wiki warudi zako kwenu Rabai. Mimi napita pale barazani kila siku ya Mungu."

"Basi tusifunge. Niruhusu niwateremshe ukumbini tu."

"Mlango wa ukumbi u wazi njiani. Watu waendao sokoni wakiwaona mmejikunyata pale, kuna tofauti gani na kufunga?" Halafu sauti ikashuka, karibu nisiisikie. "Ngoja adhuhuri. Ikifika adhuhuri haujatulia, nitagonga reli kwa mkono wangu."

Mwalimu wetu alipotoka alinikuta na kata yangu. Aliniuliza kama nimeshakunywa. Nikasema ndiyo. Akanishika bega tukapanda pamoja. Juu akatuhamisha sote upande wenye misumari, madawati yamebanana mpaka hakuna pa kupita, lakini nafasi haikututosha, safu ya mwisho ikabaki katikati ya chumba. Yule binti wa jirani alikuwa ameniwekea nafasi ya ndani, upande wa ukuta. Yeye akakaa nje, kwa sababu alikuwa mrefu kuliko mimi na alipenda kunyosha miguu.

Adhuhuri haikufika. Watu hudhani paa likiondoka hulia sana. Sisi tulisikia kama kitambaa kinachochanwa, basi, kisha mwangaza ukaingia, mwangaza mwingi, nikaiona mbingu inakwenda mbio. Mwalimu akapiga ukelele tuingie chini ya madawati. Waliowahi waliwahi. Mawe hayakuanguka yote pamoja, yalikuja moja moja, kama anayeyahesabu.

Sitakueleza yote. Mwalimu wetu alibeba watoto wawili wawili kwenye ngazi ile nyembamba, akapanda na kushuka sijui mara ngapi. Mwalimu mkuu naye alikuja juu, kofia hana, akawa anaondoa mawe kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, na midomo yake inacheza bila sauti. Mimi nilivunjika mguu wa kushoto mahali pawili. Binti wa jirani alipigwa kichwani. Aliishi mpaka kesho yake, kabla ya magharibi, na hakuamka.

 Barazani kwetu watu walikaa matangani, wakanywa kahawa bila kunena. Kila aliyeingia kuwapa pole wazazi wa binti yule alisema ni kudra ya Mungu, na ni kweli, mimi sikatai. Kudra ni ya Mungu. Lakini mawe yaliwekwa na watu.

Baada ya siku chache kamati ikaja nyumbani kwetu. Mwenyekiti mwenyewe na wazee wawili. Mimi nimelazwa kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa vibao, nyanya ananipepea kwa kipepeo cha ukindu. Baba alikuwa amesimama upande wa miguuni. Mwenyekiti alikaa, akaniombea dua, akasema maneno mazuri. Kisha akaniuliza.

"Binti yangu, mwalimu wenu adai aliomba awateremshe, akakataliwa. Mwalimu mkuu mgonjwa, asema hakumbuki neno. Watoto wasema wewe ulikwenda kunywa maji. Ulisikia chochote?"

Nilikuwa na miaka kumi, lakini si mjinga. Nilijua nikisema nilisikia, swali la pili litakuwa kwa nini alikataa. Na jawabu la swali la pili lilikuwa limesimama miguuni mwangu, linatazama vidole vyake. Baba hakunikonyeza wala hakukohoa. Laiti angenitisha ningeweza kusema. Alinyamaza tu, na nilikuwa sijapata kumwona amekosa neno.

Nikasema sikusikia.

Kipepeo cha nyanya kikasimama kidogo, kisha kikaendelea. Mwenyekiti akashukuru, akasema mtoto hasemi uwongo. Walipotoka, mzigo wote wakamtwika yule kijana wa Rabai: yeye ndiye aliyekuwa na watoto, yeye ndiye aliyewaweka juu katika upepo. Paa halikutajwa. Misumari haikutajwa. Akafukuzwa, na nasikia hakupewa skuli nyengine. Alipita kutuaga. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni akaniuliza hali ya mguu, akaniambia nisiache kusoma. Hakuniuliza lengine. Nilidhani hakujua, lakini alijua, kwa kuwa alinikuta mwenyewe kwenye ngazi. Alijua na akaniombea afya.

Kusoma niliacha. Nyanya alishika sharti lake, na baba hakuwa na ulimi wa kumpinga. Mguu uliunga vibaya. Nimeishi kwa kupika vitu vya watu, sambusa na vileja vya arusi, na barua ngumu nikisomewa na watoto wa wenzangu.

Nimeishi na hasira, sikufichi. Nimewataja mmoja mmoja miaka yote hii kila nikilala na mguu ukivuta. Mwenyekiti, aliyeogopea boriti zake kuliko watoto wetu, akafa mzee wa heshima na jeneza lake likagombaniwa. Mwalimu mkuu, aliyechagua watoto wafikwe na kifo kuliko yeye kuchekwa na watu. Huyo hakusomesha tena. Tulikuwa tukipishana vichochoroni, yeye na fimbo yake, mimi na mguu wangu, tunaamkiana na kupita, na nikawa kila mara namtafutia chuki yangu nikiikuta imepungua. Baraza nzima, kila aliyecheka siku ile. Na baba. Baba hakukaa tena nje. Akirudi Shimanzi alikaa ndani na redio, na watu walipomwita alisema kichwa chamuuma. Aliishi hivyo miaka ishirini na kitu. Hakuniambia pole wala mimi sikumwambia nimesamehe. Nilimpikia uji mpaka mwisho wake.

Ukienda Kibokoni leo hutaiona nyumba ile, imekuwa nyumba ya wageni na ina choo kila chumba. Baraza nyingi zimewekwa vyuma watu wasikae. Muuza kahawa yupo mmoja, na anaosha vikombe kwa haraka. Hakuna anayempa mtu lakabu, kwa sababu hakuna anayemjua jirani yake kiasi hicho. Na skuli hufungwa na mtu aliyekaa ofisini, asiyepita mbele ya mlango wa yeyote, na hajali akichekwa. Nasema ni heri hivyo. Nasema hivyo, kisha alasiri ikifika nasikia kule nje kulivyo kimya, na najua nimekosa kitu nilichokuwa nakichukia.

Jioni redio ikasema zimefungwa, siku mbili. Jirani akaja kulalamika, watoto watamvunjia nyumba. Safari hii nilimkaribisha akae, nikamwambia haya niliyokuandikia, na alikuwa mtu wa kwanza kuyasikia. Aliniuliza kama yule mwalimu wa Rabai yu hai. Sijui. Angekuwa mzee sana. Kama yu hai, au kama ana watoto waliokua wakisikia kwamba baba yao aliua mtoto wa mtu Mombasa, hili ni lenu. Aliomba tufunge. Akakataliwa. Akaomba tuteremke. Akakataliwa. Nilikuwa kwenye ngazi, kata ya maji mkononi, na nilisikia kila neno.